Deni la Mwimbaji: Wimbo wa Kimeksiko Kinywani mwa Kijana wa Kitale

Mwacha asili ni mtumwa. Ndiyo methali anayorushiwa kwanza msanii kijana anayeonekana kuupa mgongo muziki wa kwao, na katika miji ya Kitale na Bungoma, magharibi mwa Kenya, haikosi wa kuisema. Iwapo kijana wa huko, aliyelelewa katika nyumba inayosema Kibukusu na kusomeshwa kwa Kiingereza, ataamua kuimba ranchera kwa Kihispania, tena si kwa mzaha wa jukwaa la shule bali kama njia yake ya maisha, atakabiliwa na maswali mawili. La kwanza ni kwa nini ameacha cha kwao. La pili, ambalo huulizwa kwa nadra, ni kama anayoyaimba anayasema kweli. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba swali la kwanza limekuzwa kupita kiasi na la pili limepuuzwa, ilhali uzito wa kimaadili umo katika hilo la pili.

Kijana huyo si wa kubuniwa kutoka hewani. Tamthilia za Meksiko, zikiwa zimetiwa sauti za Kiingereza, zimetazamwa katika televisheni za Kenya kwa miaka mingi, na nyimbo zake za utangulizi ziliachwa katika Kihispania chake. Mwaka 2023 wimbo wa kundi la Eslabon Armado na mwimbaji Peso Pluma ulikuwa wa kwanza wa muziki wa kimaeneo wa Meksiko kuingia katika nyimbo 10 bora za orodha kuu ya Billboard nchini Marekani. Muziki uliofika huko hufika katika simu ya kila kijana mwenye vifurushi vya intaneti, awe Guadalajara au Kiminini. Kwa hiyo swali la kijana wa Kitale na ranchera linafaa kuulizwa kwa makini, na linafaa kuulizwa mahali alipo.

Na mahali alipo si mahali palipokuwa pakisubiri wimbo wa kwanza wa kigeni. Wamisionari wa Kanisa la Friends kutoka Marekani walianza kazi Kaimosi mwaka 1902, na kadiri kazi yao ilivyoenea kaskazini kuingia nchi ya Wabukusu ndivyo lahani za ng'ambo zilivyoenea nayo, zikivishwa maneno ya lugha za hapa. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, katika mji uliokuwa kitovu cha walowezi, na pamoja na walowezi zilikuja gramafoni na santuri zao. Baada ya uhuru yalifuata matangazo ya redio. Rumba ya Kongo ilichezwa katika vilabu vya mji na vijiji na watu ambao wengi wao hawakujua Kilingala, na rumba hiyo yenyewe ilikuwa imelelewa na santuri za Kuba zilizosambazwa Afrika na kampuni ya HMV kuanzia miaka ya 1930. Sauti ya Jim Reeves, aliyefariki mwaka 1964, ikawa sauti ya Jumapili asubuhi katika nyumba nyingi za Kenya, kiasi kwamba muziki wa wachunga ng'ombe wa Marekani umepata waimbaji wake Wakenya, kama vile Elvis Otieno anayejulikana kwa jina la Sir Elvis. Serikali ilijaribu kuingilia kati mwaka 1980, ilipoagizwa kwamba asilimia 75 ya muziki unaopigwa na Sauti ya Kenya uwe wa nyumbani. Agizo hilo halikudumu.

Upinzani wa kina zaidi haukutoka serikalini. Ulitoka Kimilili, katika Bungoma ya leo, ambako Elijah Masinde aliongoza Dini ya Msambwa katika miaka ya 1940, akiwataka watu wake waachane na dini ya wageni na kuwarejea wahenga. Harakati hizo zilienea hadi kwa vibarua wa mashamba ya walowezi ya Trans Nzoia, na mnamo Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi huko Malakisi na kuua. Kwa hiyo anayesema Bungoma kwamba kuiga wimbo wa mgeni ni jambo la hatari hasemi jambo jepesi. Ardhi anayoisimamia imemwagiwa damu kwa ajili ya fikra inayokaribiana na hiyo. (Ni kweli pia kwamba Masinde huyohuyo aliichezea Kenya kandanda katika Kombe la Gossage mwaka 1930, na hakuna ushahidi kwamba mchezo huo wa Waingereza ulimpunguzia Ububukusu wake.)

Katika uhakiki wa fasihi, shutuma hii imepewa umbo la kinadharia na Ngũgĩ wa Thiong'o katika Decolonising the Mind ya mwaka 1986, na umbo la kishairi na Okot p'Bitek miaka 20 kabla yake, katika Wimbo wa Lawino. Lawino anamcheka mume anayejivika desturi za Kizungu zisizomkaa. Ngũgĩ anakwenda mbali zaidi ya kicheko: kwake lugha ndiyo chombo kilichobeba utamaduni wa watu, na anayeandika katika lugha ya mtawala anawafungia nje wakulima na wafanyakazi anaodai kuwasemea. Hoja hiyo ina mashiko. Hata hivyo, ikihamishwa kama ilivyo kutoka kwa mwandishi hadi kwa kijana wa ranchera, inalegea mahali pawili. Kihispania hakikuitawala Kenya, wala hakuna karani wa Bungoma anayepandishwa cheo kwa kukijua. Anayekichagua hana cha kunyenyekea. Zaidi ya hapo, Kihispania chenyewe ni lugha ya ubeberu huko Meksiko, kilichoketi juu ya Kinahuatl, Kizapoteki, Kimisteki na lugha nyingine nyingi za wenyeji, na Lila Downs wa Oaxaca amelazimika kuzirejesha baadhi ya lugha hizo katika nyimbo zake. Asili anayodaiwa kijana kuivamia ina uvamizi wake ndani.

Hata vyombo vya muziki vinakataa kusimama upande mmoja. Kodiani, kile kinanda cha kuvuta kwa mikono, ambacho bila hicho muziki wa norteno hautambuliki, kiliingia Texas na kaskazini mwa Meksiko katika karne ya 19 kupitia wahamiaji wa Ulaya ya kati, hasa Wajerumani, pamoja na dansi yao ya polka. Kodiani hiyohiyo iliingia Kenya ya kati na kuzaa mwomboko wa Wagikuyu. Mmeksiko na Mgikuyu waliokota kifaa kimoja kilichoangushwa na Ulaya, kila mmoja akakifanya kisionekane tena kuwa cha Ulaya. Anayetafuta muziki usioazimwa itambidi atafute sana.

Basi kuazima si kosa. Lakini hapa ndipo watetezi wengi wa msanii huru wanapopumzika mapema mno, kana kwamba kuthibitisha kuwa kila mtu ameazima ni kuthibitisha kuwa hakuna anayedaiwa. Zipo namna tofauti za kuazima, na hazidai malipo sawa.

Mfano unaojulikana zaidi Kenya ni ule wa Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi huko nyimbo zilizomtaja Chemirocha, na mojawapo iliimbwa na wasichana wakiongozwa na Chemutoketi Ketienya. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyefariki mwaka 1933, ambaye sauti yake ilifika kwa Wakipsigis ikiwa ndani ya santuri. Jina lake lilivishwa kiambishi cha Kikalenjin, na mwenyewe akageuzwa kiumbe nusu mtu nusu paa, anayealikwa achezeshwe na wasichana. Wahakiki wa nje wameuona wimbo huo kama kichekesho kizuri cha watu wasioelewa. Usomaji huo haumtendei haki Chemutoketi na wenzake. Wasichana wale hawakudai kuimba Kiingereza wala kumwakilisha Rodgers. Waliimba Kikipsigis, mbele ya Wakipsigis, juu ya jambo la ajabu lililowafikia, na kila msikilizaji wao aliweza kulipima neno kwa neno. Hawakuwa na deni kwa Mississippi. Rekodi zilipopelekwa Kapkatet mwaka 2015, zilirudi mahali ambapo wimbo ungali unaeleweka.

Pwani ilipata njia nyingine. Mohamed Khamis Juma Bhalo wa Mombasa aliimba taarabu kwa lahani za filamu za Kihindi, zikatambulika wazi na kila aliyewahi kuingia sinema, lakini mashairi yalikuwa ya Kiswahili, mengi yakiwa ya binamu yake Ahmad Nassir, mtunzi wa Malenga wa Mvita. Alichukua lahani, akaacha maneno Bombay. Hadhira ya Mombasa, ambayo haina huruma na mizani iliyovunjika, ilibaki na kazi yake ya kuhakiki. Na kabla yake, taarabu ya kasri la Unguja iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu ilishushwa mitaani kwa Kiswahili na Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi. Kilichobadilika kwa Siti si lugha peke yake. Alibadilika pia mwenye uwezo wa kumwambia mwimbaji: hapo umekosea.

Kijana wa ranchera hafanyi kama Chemutoketi wala kama Bhalo. Yeye anachukua lugha yenyewe, na kuiacha hadhira yake nje ya wimbo. Ni hatua ngumu zaidi, na inafanywa kuwa hatari na jambo ambalo kwa kawaida husifiwa: wepesi.

Maana Kihispania ni chepesi mno kinywani mwa mtu wa Bungoma. Kina irabu 5, kama Kiswahili na kama Kibukusu. Silabi zake nyingi ni wazi, na katika maneno yake mengi mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, palepale Kiswahili kinapouweka. Sauti inayowatesa Waingereza, ile inayoandikwa kwa herufi j, Mbukusu huitamka kutwa nzima bila kujua kwamba ni ngumu, kwa kuwa haiko mbali na kh inayoanza vitenzi vyake vyote vya kunomino. Utungo nao unamkaribisha. Korido, utanzu wa masimulizi ulio uti wa mgongo wa muziki wa kimaeneo wa Meksiko, kwa desturi huwa na mistari ya silabi 8, na beti zake ni za mistari minne. Mwanafunzi yeyote wa utenzi ataketi wima anaposikia hivyo, kwani ubeti wa utenzi ni vipande vinne vya mizani 8. Vina vinatofautiana: korido kwa kawaida hukutanisha mstari wa pili na wa nne, ilhali utenzi huvifunga vitatu vya kwanza pamoja na kukiacha cha nne kibebe kina cha utenzi mzima. Lakini pumzi ni moja. Hata desturi za kufungua na kufunga zinajuana: korido aghalabu hutaja mwaka, mahali na jina la mhusika, kisha mwishoni mwimbaji huaga, mtunzi wa utenzi hufungua kwa dua na mara nyingi hufunga kwa kujitaja yeye na tarehe yake. Vyote viwili ni kumbukumbu za watu waliotaka jambo fulani lisipotee.

Kwa hiyo kijana mwenye sikio zuri anaweza, katika muda wa miezi, kuimba korido kwa matamshi ambayo yangemshangaza Mmeksiko. Ulimi umefika; akili ingali kituoni. Plato aliliona tatizo hili katika mazungumzo yake yanayoitwa Ion, ambamo Sokrates anamhoji mghani stadi wa Homer na kumpeleka, swali kwa swali, hadi akubali kwamba hana ujuzi wa yale anayoyaghani, bali ameshikwa na nguvu isiyo yake. Ion aliridhika kuitwa mwenye kushikwa na miungu. Tofauti ni kwamba Ion, kwa udhaifu wake wote, alikijua Kigiriki.

Je, kuna madhara gani? Mtu anaweza kusema kwamba wimbo ni sauti, na kwamba hakuna anayeumia mtu wa Webuye akitamka maneno matamu asiyoyajua. Jibu la swali hili limo katika mojawapo ya korido mashuhuri kuliko zote, ile ya Gregorio Cortez, ambayo Américo Paredes aliiandikia kitabu kizima mwaka 1958. Tarehe 12 Juni 1901, sherifu wa wilaya ya Karnes huko Texas alifika kwa Cortez kuuliza habari za farasi. Sherifu hakujua Kihispania cha kutosha. Aliyemfasiria ni msaidizi wake, ambaye hakukijua kama alivyodhani. Swali lilihusu kubadilishana caballo, farasi dume. Mnyama aliyebadilishwa na Cortez alikuwa yegua, farasi jike. Jibu likawa hapana, na lilikuwa jibu la kweli. Mfasiri akalisikia kama uongo. Katika dakika chache ndugu yake Cortez alikuwa amepigwa risasi na sherifu alikuwa amekufa. Ulifuata msako wa siku 10, watu wengine wakauawa, na Cortez akafungwa hadi aliposamehewa na gavana mwaka 1913.

Korido hiyo inatukuza ushujaa wa mtu mmoja aliyefukuzwa na wengi, lakini chini ya ushujaa huo pana neno moja lililofasiriwa vibaya na mtu aliyejiamini. Mwimbaji anayeitongoa bila kujua inachosema anasimama mahali pa yule msaidizi. Anayo sauti ya lugha na anaaminiwa na waliomzunguka kuwa anaijua, na imani hiyo ndiyo mkopo aliouchukua.

Hatari ipo pia upande wa pili, ambako si shujaa anayesifiwa. Tawi moja la korido limejikita katika kuwaimba wafanya magendo ya dawa za kulevya. Huko Meksiko kwenyewe ni suala linalogawa watu: Machi 2025, baada ya kundi la Los Alegres del Barranco kuonyesha jukwaani huko Zapopan picha ya kiongozi wa genge la magendo, mjadala juu ya kuzizuia nyimbo hizo ulipamba moto na Marekani ikawafutia wanamuziki hao viza. Mmeksiko anayeimba wimbo wa aina hiyo ametenda jambo, zuri au baya, na anaweza kulijibia. Lakini afikiriwe kijana aliyealikwa harusini Bungoma, amevaa kofia pana, akiwaimbia maharusi kwa sauti ya kubembeleza sifa za mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuua. Wazee wanapiga makofi. Mama wa bibi harusi anafuta machozi. Hapana aliyedanganya kwa kusudi, na bado kitu kilichofanyika pale ni kibaya, ubaya ambao hauna wa kuubeba. Sheria ya nia njema haitoshi kuufuta, kwa kuwa kijana alikuwa na uwezo wa kujua na hakuna aliyemdai ajue.

Lipo swali kama mtu anaweza kuanza kwa sauti tupu na bado akafika kwenye maana. Selena Quintanilla, aliyezaliwa mwaka 1971 Lake Jackson, Texas, ndiye ushahidi wa kwamba inawezekana. Wengi humdhani kuwa alizaliwa na Kihispania mdomoni. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiingereza, na baba yake ndiye aliyemtaka aimbe kwa Kihispania, akimfundisha maneno kwa matamshi kabla hajayaelewa. Njia yake haikuwa tofauti sana na ya kijana wa Kitale, isipokuwa kwa jambo moja: tangu mwanzo aliimba mbele ya watu waliokijua Kihispania, katika dansi na harusi za Watejano. Kila alipoteleza alisikika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilimbidi akutane na waandishi wa habari wa Meksiko, aliwakabili kwa Kihispania kilichokuwa bado kikikwama, akacheka, akaendelea. Kufikia mwaka 1994, alipopata tuzo ya Grammy, lugha ilikuwa imeanza kuwa yake kwa sababu alikuwa amekubali kuonekana akiikosea. Aliuawa Machi 1995, kabla hajafikisha miaka 24.

Awekwe kando yake Jim Reeves. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Reeves alirekodi nyimbo kwa Kiafrikaans, lugha asiyoijua, kwa ajili ya soko la Afrika Kusini, akiyafuata maneno kwa matamshi kama alivyofundishwa. Sauti ilikuwa ileile iliyopendwa Kenya, laini, isiyo na haraka. Alirekodi, akaenda zake. Wala si haki kumlaumu zaidi ya kiasi, lakini ni haki kuona kwamba yeye na Selena, walioanza mahali pamoja, hawakuelekea upande mmoja. Mmoja alitumia lugha ya watu kuwafikia. Mwingine alibaki pale walipo hadi wakaweza kumsahihisha.

Hapa methali ya utumwa haifai tena, na inafaa kuitwa nyingine, ambayo wasanii wa Kiswahili huipenda na kwa kawaida huielewa nusu: mcheza kwao hutunzwa. Husomwa kama ahadi ya tuzo, fedha inayobandikwa pajini mwa mchezaji. Lakini kutunza ni pia kulinda, kuangalia kitu kisiharibike. Anayecheza kwao hutuzwa, na zaidi ya hapo huangaliwa na watu wanaojua mguu unapaswa kutua wapi. Wabukusu wanazo sanaa zilizojengwa juu ya kuangaliwa huko. Mpiga litungu, chombo cha nyuzi 7 kinachosikika katika sherehe za jando mwezi wa Agosti wa miaka inayogawika kwa mbili, hutaja watu na koo zao mbele ya wenye koo hizo. Uzito ni mkubwa zaidi katika kumuse, ile hotuba itolewayo baada ya mazishi ya mzee mwenye heshima, ambamo msemaji, omuswala kumuse, hutembea mbele ya umati uliokaa kimya akisimulia historia na kuonya. Hakatizwi. Lakini kila anachokisema kinawaingia watu wenye kukipima, na desturi huamini kwamba kazi hiyo si ya kila mtu na kwamba neno ovyo lina athari kwa alitamkaye. Si lazima mtu aikubali imani hiyo ili aone hekima iliyomo: jamii ilijua kwamba usemi mbele ya watu ni jambo la hatari, ikaweka masharti.

Kijana wa ranchera anapoimba Bungoma yuko kwao na hayuko kwao. Anatuzwa, hatunzwi. Makofi anayopata ni ya bure, kwa kuwa hayana uwezo wa kugeuka kuwa mguno. Hilo ndilo lililo baya katika hali yake, na halihusiani na utumwa wala asili. Pengine ndiyo sababu waimbaji wa aina yake huonekana kuwa na furaha kidogo kuliko sifa zao: sifa isiyoweza kukataliwa haimshibishi anayejua kazi yake.

Linaweza kutolewa pingamizi kwamba kizazi kizima kilicheza rumba ya Kilingala katika eneo hilohilo bila kuielewa, na hakuna aliyekidai chochote. Pingamizi hilo linachanganya mchezaji na mwimbaji. Aliyecheza hakutamka neno. Waliotamka, wanamuziki wa Super Mazembe na Les Mangelepa waliohamia Nairobi katika miaka ya 1970, walijua walichokisema, na kwa miaka wakaongeza Kiswahili katika nyimbo zao ili na wenyeji wajue. Msikilizaji anaruhusiwa kutoelewa. Hata hivyo, hadhira ya Bungoma si bila sehemu yake katika deni hili. Inaweza kuuliza. Jambo dogo la mzee kuinuka harusini na kusema, "Mwanangu, hayo uliyoyaimba yana maana gani?" lina nguvu zaidi ya agizo la asilimia 75.

Na kijana atakayeulizwa kuhusu korido ya Cortez atakuta kazi ambayo hakuitarajia. Atalazimika kuusimamisha wimbo. Kwa Kiswahili farasi jike bado ni farasi. Lau yule sherifu angeuliza kwa Kiswahili kama Cortez alibadilishana farasi, angejibiwa ndiyo, akaandika alichotaka kuandika, akarudi nyumbani kwake. Wasikilizaji hawataelewa kwa nini jibu la kweli lilisikika kama uongo mpaka waelezwe kwamba katika lugha ile jike na dume wa mnyama huyo wana majina mawili yasiyofanana hata kidogo. Kijana ataanza kueleza, gitaa likiwa limelala mapajani. Mtu mmoja, huenda mfugaji kutoka upande wa Kamukuywa, atasema kwamba hata yeye hamwiti mtamba fahali, na kwamba anayeuliza habari za ng'ombe wa mwenzake sharti ajue anauliza habari za ng'ombe yupi. Mwingine atataka kujua ndugu yake Cortez alipona au hakupona. Kijana, kama hajui, itambidi akatafute kabla hajauimba tena.